Mkanda wa umeme shingoni mwa mbwa: Ulinzi au dhulma?

Hivi karibuni mzazi mmoja anayeishi pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam alitufikia na swali ambalo hatukulitarajia katika kurasa hizi za familia. Anafuga mbuzi na kuku, na baada ya kuibiwa mara mbili aliweka mbwa wa kulinda zizi. Usiku mbwa huyo ni hodari na wezi hawajarudi. Tatizo huja alasiri, watoto wa mtaa wanapopita kwenda madrasa. Mbwa huruka ua na kuwakimbiza, na mtoto mmoja amekwisha kuanguka na kuchubuka magoti.

Shemeji yake aliyeko Muscat amejitolea kumletea mkanda wa shingoni unaotoa umeme, ambao mwenye mbwa huuendesha kwa rimoti akiwa mbali. Mkewe anataka mbwa aondolewe kabisa. Naye yuko katikati, hataki kuibiwa tena wala hataki mtoto wa jirani adhurike. Anauliza: je, auchukue mkanda huo?

Tumeona swali hili si lake peke yake, kwani nyumba zenye mbwa wa ulinzi zimeongezeka, na vifaa hivi siku hizi huuzwa hata mtandaoni.

Mbwa katika nyumba ya Muislamu

Tuanze na lililo wazi. Mtume (S.A.W.) alikataza kufuga mbwa bila ya haja, akavua wale wa kuwindia, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Miongoni mwa wanazuoni wako waliokisia ulinzi wa nyumba juu ya hayo. Mbwa wa zizi la mbuzi, basi, hana utata mkubwa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata katika pwani hii, mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito. Hata hivyo, unajisi wa kiumbe haukuondoa haki yake ya kuhurumiwa. Sote tunakijua kisa cha aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Na kufunza mnyama si jambo geni katika dini. Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inawataja wanyama wa kuwindia waliofunzwa, na inautaja ujuzi wa kuwafunza kuwa ni katika yale aliyotufundisha Mwenyezi Mungu. Ikiwa ujuzi huo unatoka kwake, basi tutaulizwa namna tunavyoutumia.

Mkanda wenyewe ni nini?

Chombo hiki kilianza kutumika Marekani katika miaka ya 1960 kwa mbwa wa kuwindia. Kina sehemu mbili. Ya kwanza ni rimoti anayoishika mtu. Ya pili ni kisanduku kidogo chenye betri, kilichofungwa kwenye mkanda, na ndani yake hutokeza ncha mbili za chuma zinazogusa ngozi ya shingo. Ukibonyeza, umeme hupita kati ya ncha hizo. Vifaa vingi vina viwango, kutoka msisimko mdogo hadi maumivu makali, na vingine hutoa pia mlio au mtetemo. Umbali wake huweza kupita kilomita moja.

Ili ufanye kazi, mkanda hauna budi kukazwa hadi ncha ziguse ngozi. Ukiachwa shingoni kutwa nzima, ncha hizo huweza kusababisha vidonda.

Mbwa anajifunza nini?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mbwa haelezwi sababu ya kuadhibiwa. Yeye huunganisha maumivu na kile alichokiona au kukisikia katika sekunde ile ile. Mwenye mbwa anafikiri amemwambia, "Usiwakimbize watoto." Mbwa huenda akafahamu jambo jingine kabisa: kila wanapotokea watoto wenye kanzu na mabuibui, shingo yake huungua.

Kiumbe anayejifunza kuwa watoto huleta maumivu hatawapenda watoto. Ama atawaogopa, ama atawatangulia kwa meno. Mzazi atakuwa amenunua amani ya wiki mbili kwa hatari ya miaka.

Watafiti wamelichunguza suala hili. Mwaka 2004 wataalamu wa Uholanzi walichapisha uchunguzi wa mbwa wa ulinzi waliofunzwa kwa umeme. Waliwaona wakionyesha dalili za hofu hata nje ya uwanja wa mafunzo, pale alipokuwapo mfunzaji wao. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha matokeo ya mbwa 63 waliogawanywa katika makundi matatu. Waliofunzwa kwa kutunzwa chakula na sifa hawakushindwa na waliofunzwa kwa mkanda.

Uadilifu unatulazimu kutaja upande wa pili. Utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2024 uliona kuwa mkanda uliwazuia mbwa haraka kufukuza kitu kinachokimbia, ilhali waliopewa chakula hawakuacha katika muda huo mfupi. Huko New Zealand nako hutumika kuwafunza mbwa wajiepushe na ndege aitwaye kiwi, ambaye ni adimu na hawezi kuruka. Hatukatai kwamba maumivu huweza kuzuia. Lakini hayo yalifanywa na mafundi waliobobea, na hapakuwa na mtoto mbele ya mbwa.

Nchi nyingine zimekwisha kuamua. Wales ilipiga marufuku mikanda hii mwaka 2010. Ujerumani, mahakama kuu ya masuala ya utawala iliamua mwaka 2006 kuwa kifaa chenye uwezo wa kuleta maumivu makali hakiruhusiwi, hata kikiwekwa kwenye kiwango cha chini. Kwetu Tanzania iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama.

Somo kutoka Morogoro

Wako wanaodhani kuwa kufunza kwa upole ni anasa ya Wazungu. Nao waende Morogoro. Pale, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya husikia mlio mdogo, kisha hupewa kipande cha chakula. Kwa njia hiyo panya hao wamesaidia kusafisha ardhi ya Msumbiji na Kambodia. Ikiwa panya anafunzika kwa ndizi, mbwa atashindwaje kwa dagaa?

Tunamshauri nini mzazi huyu?

Kwanza, usalama wa watoto hausubiri mafunzo. Ua uinuliwe leo, na kuanzia alasiri hadi baada ya magharibi mbwa awe ndani ya banda lenye kivuli na maji. Asifungwe mnyororo kutwa nzima, kwani kufungwa huko huweza kumzidishia ukali.

Pili, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali hata kama jeraha ni dogo.

Tatu, afunzwe. Afungwe kamba ndefu, awekwe mbali kiasi cha kuwaona watoto bila ya kuwarukia. Akitazama na kutulia, arushiwe dagaa mara moja, kabla sekunde mbili hazijapita. Akibweka na kuvuta kamba, asogezwe nyuma zaidi, asipigwe. Umbali upunguzwe siku baada ya siku. Na tuongeze hili kwa wenye wasiwasi wa tohara: dagaa hurushwa chini, wala hapana haja ya kugusa mate. Mkanda wa umeme ndio unaotaka mtu aishike shingo ya mbwa kila siku.

Nne, nasi watu wazima tuwafunze watoto wetu. Mtoto asimrushie mbwa mawe wala asikimbie mbele yake. Asimame, akunje mikono, asimkazie macho. Mbwa wengi wa mitaani walijifunza ukali kutokana na mawe yetu.

Na ikiwa haya yote yamefanywa kwa miezi na mbwa bado ni hatari, basi mkewe ana haki. Mbwa huyo apelekwe penye shamba lisilopitiwa na watoto, kwani haki ya jirani ni kubwa kuliko zizi la mbuzi.

Imepokewa kwamba Bibi Aisha (R.A.) alimpanda ngamia msumbufu akawa anamvuta huku na huko, na Mtume (S.A.W.) akamuusia upole. Ngamia alikuwa msumbufu kweli, na bado wasia ulielekezwa kwa mwenye kushika hatamu. Siku hizi hatamu imekuwa rimoti. Aliyeishika ni yule yule, na ataulizwa.

Wallahu aalam.