Kifo cha Arshad Sharif Kajiado: Kweli au Uongo?

Lisemwalo lipo, walinena wahenga. Lakini kuhusu usiku wa Jumapili, 23 Oktoba 2022, yamesemwa mengi ambayo hayapo. Usiku huo askari wa kikosi cha polisi cha GSU walilimiminia risasi gari moja katika barabara ya changarawe ya Kwenia–Kamukuru, upande wa Magadi, Kaunti ya Kajiado. Aliyekufa ndani yake alikuwa Arshad Sharif, 49, mmoja wa wanahabari wa televisheni waliojulikana zaidi nchini Pakistan. Tangu siku hiyo, kutoka Kitengela hadi Karachi, kila mtu ana masimulizi yake. Haya hapa saba, na ukweli wa kila moja.

1. Sharif alikufa katika ajali ya barabarani.

UONGO. Ndivyo zilivyodai baadhi ya habari za mwanzo. Ukweli ni kwamba alipigwa risasi ya kichwa, na siku iliyofuata polisi wa Kenya walikiri kuwa askari wao ndio waliofyatua.

2. Alikuwa mhalifu aliyejipenyeza nchini.

UONGO. Aliondoka Pakistan tarehe 10 Agosti 2022, siku mbili baada ya kituo chake, ARY News, kupeperusha mahojiano na Shahbaz Gill, msaidizi wa aliyekuwa Waziri Mkuu, Imran Khan. Mahojiano hayo yaliwaletea Sharif na wakuu wa kituo kesi za uchochezi dhidi ya dola. Alikimbilia Dubai, kisha akaingia Kenya tarehe 20 Agosti kwa viza. Kushtakiwa si kutiwa hatiani, na hata aliyetiwa hatiani hauawi njiani.

3. Alikuwa adui wa jeshi la Pakistan maisha yake yote.

UONGO. Hapa ndipo penye utata wa mtu huyu. Alizaliwa Karachi mwaka 1973, mwana wa afisa wa jeshi la majini, na ndugu yake alikuwa meja katika jeshi la nchi kavu. Kwa miaka mingi wakosoaji wake walimwona kuwa mtu wa karibu na wanajeshi. Katika kipindi chake cha Power Play alizifuatilia mali za familia ya aliyekuwa Waziri Mkuu, Nawaz Sharif, bila kuchoka, na Machi 2019 Rais Arif Alvi alimtunuku nishani ya taifa ya Pride of Performance. Mambo yaligeuka Aprili 2022, Bunge lilipomwondoa Imran Khan madarakani. Arshad Sharif alisimama upande wa Khan na kuanza kuwahoji majenerali waziwazi. Waliompenda jana walimchukia leo, na waliomchukia jana wakamshangilia. Msomaji ana haki ya kuupenda au kuuchukia uandishi wake, lakini haki yake ya kuishi haikutegemea mapenzi ya mtu.

4. Polisi walilifananisha gari lake na gari la wizi, kwa hiyo hawana kosa.

UONGO. Polisi walisema walikuwa wakilisaka gari lililoibwa Pangani, Nairobi, ambalo ndani yake palidaiwa kuwa na mtoto aliyetekwa. Gari hilo lilikuwa Mercedes-Benz Sprinter. Sharif alikuwa ndani ya Toyota Land Cruiser. Polisi walidai pia kwamba gari la Sharif lilipita kizuizi cha mawe bila kusimama, na baadaye wakasema kuwa risasi ilitoka ndani ya gari na kumjeruhi askari mmoja.

Tuchukulie kwamba walikosea gari kwa nia njema. Je, sheria inasemaje? Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linamtaka askari atumie kwanza njia zisizo za kuua. Kabla ya kufyatua anapaswa kujitambulisha na kutoa onyo. Risasi ni hatua ya mwisho, kwa mfano ili kuokoa maisha yaliyo hatarini. Tena, kama kweli waliamini kuwa mna mtoto aliyetekwa ndani ya gari lile, walilimiminiaje risasi? Kufananisha gari kunaeleza tu jinsi kosa lilivyotokea. Hakulifuti.

5. Imethibitishwa kwamba mauaji yalipangwa.

BADO. Wachunguzi waliotumwa na serikali ya Pakistan walihitimisha Desemba 2022 kwamba ni mauaji yaliyopangwa. Hayo ni maoni ya wachunguzi, na uzito wake ni mkubwa, lakini hukumu ya mahakama ni kitu kingine. Anayetaja jina la aliyetoa amri, bila ushahidi uliopimwa mahakamani, anawasaidia wahusika. Watu wakishazama katika ubishi wa njama, hakuna anayeuliza tena kuhusu lile ambalo halina ubishi: askari walifyatua, na mtu akafa.

6. Serikali ya Pakistan ndiyo iliyoishtaki Kenya.

UONGO. Ni mjane wake, Javeria Siddique, ambaye pia ni mwanahabari, pamoja na Chama cha Wanahabari Kenya na Chama cha Waandishi wa Mikoani Kenya. Walifungua kesi Oktoba 2023 katika Mahakama Kuu ya Kajiado. Mwanamke mmoja na wenzake wa kalamu walifanya kazi ambayo serikali mbili hazikuifanya.

7. Jaji alishatoa fidia, kwa hiyo mambo yamekwisha.

UONGO. Tarehe 8 Julai 2024 Jaji Stella Mutuku aliamua kwamba polisi walimuua Sharif kinyume cha sheria na Katiba, na akaagiza mjane alipwe shilingi milioni 10. Malipo hayo yalisitishwa kwa siku 30 ili upande wa serikali upate nafasi ya kukata rufaa. Lakini fidia ilikuwa nusu tu ya uamuzi. Jaji aliiagiza pia mamlaka ya kuchunguza polisi, IPOA, na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma wakamilishe uchunguzi na kuwafungulia mashtaka askari waliohusika. Hadi siku ya hukumu, zaidi ya mwaka mmoja na nusu baada ya kifo, hakuna askari hata mmoja aliyekuwa amefikishwa kizimbani. Fidia hutoka mfukoni mwa mlipakodi, na askari aliyefyatua halipi hata senti.

Wapo watakaosema haya ni ya Wapakistani, sisi yanatuhusu nini? Wiki 6 baada ya hukumu hiyo, tarehe 19 Agosti 2024, mwanaharakati Bob Njagi na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, walitekwa Kitengela, katika kaunti hiyohiyo, na watu waliodaiwa kuwa askari, baada ya maandamano dhidi ya serikali. Walipatikana tarehe 20 Septemba, baada ya siku 32. Hao walikuwa Wakenya, nyumbani kwao.

Basi, msomaji, ukiletewa uvumi mwingine kuhusu Arshad Sharif, usiusambaze. Muulize aliyekuletea swali moja: agizo la Jaji la kuwashtaki waliofyatua limetekelezwa? Tuendelee kuuliza hilo, kwa sababu barabara ya Kamukuru ni yetu pia.