Likizo ya uzazi isikupunguzie malipo ya uzeeni

MAMA anayekaribia kujifungua huhesabu mengi: gharama ya hospitali, nguo za mtoto na mshahara wa yaya. Ni wachache wanaokumbuka kuhesabu pensheni. Hata hivyo, miezi 3 bila michango huacha pengo ambalo huonekana uzeeni, wakati ambapo ni vigumu kuliziba.

Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa mfanyakazi wa kike likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Baba hupewa wiki 2, naye pia kwa mshahara kamili. Chini ya sheria iliyotangulia, mama alipata miezi 2 pekee na kupoteza likizo yake ya mwaka huo.

Mshahara huo kamili ndio ngao ya pensheni. Sheria ya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, ya mwaka 2013 inamtaka mfanyakazi achange asilimia 6 ya mapato yake, hadi kiwango kilichowekwa, na mwajiri achange kiasi sawa na hicho. Mshahara usipokatizwa, michango nayo haifai kukatizwa.

Chukua mfano wa karani wa duka katikati ya jiji la Nairobi anayelipwa Sh30,000. Yeye huchanga Sh1,800 kwa mwezi, na mwajiri Sh1,800. Kwa miezi 3, jumla ni Sh10,800. Zikizaa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, baada ya miaka 30 fedha hizo zitapita Sh108,000.

Yaya anayetoka Kawangware au Kangemi alfajiri kwenda kazini Lavington ana haki iyo hiyo, kwani hata mwenye mfanyakazi mmoja anapaswa kumsajili NSSF.

Nchini Tanzania, NSSF ya huko hutoa fao la uzazi. Kenya, mshahara wa likizo hutoka mfukoni mwa mwajiri, na baadhi hushawishika kukwepa.

Likizo ikirefushwa bila malipo, makato husita. Hapo ni busara kuchangia kwa hiari.

Mama atoe notisi kwa maandishi angalau siku 7 mapema, ahifadhi hati za mshahara na, akirejea kazini, azilinganishe na taarifa yake ya NSSF. Mwezi ukikosekana, amuulize mwajiri, kisha aende afisi ya leba. Mlango wa mwisho ni Mahakama ya Ajira na Leba, kabla ya miaka 3 kupita.