Uwanja wa Marrakech Usiolala

Iko miji ambayo jua likichwa watu hufunga milango na kurejea makwao. Marrakech, mji wa kale wa Moroko, hauna desturi hiyo. Huko, magharibi inapoingia ndipo watu humiminika katika uwanja wa Jemaa el-Fnaa. Moshi wa nyama ya kuchoma hutanda juu ya taa. Hapa pana supu ya konokono, pale vichwa vya kondoo na maji ya machungwa. Wanawake hupaka wageni hina, na ngoma hazinyamazi hadi usiku wa manane.

Jina la uwanja huu si la furaha. Wasomaji wetu watalitambua neno fanaa, maana limo katika vitabu vya dini: ni kutoweka na kuangamia. Wako wasemao kwamba jina hilo lina maana ya mkutano wa wafu, kwa kuwa zamani wahalifu na waasi waliuawa hapo hadharani. Mwanahistoria Abderrahman es-Sa'di, aliyeandika katika karne ya 17, ana maelezo mengine. Asema kwamba Sultani Ahmad al-Mansur, aliyetawala kuanzia 1578 hadi 1603, alianza kujenga hapo msikiti mkubwa, tauni ikaingia, kazi ikaachwa, na watu wakauita msikiti wa maangamizi.

Mji wenyewe ulianzishwa katika karne ya 11, na mnara wa msikiti wa Koutoubia, wenye urefu wa meta 77, umeukabili uwanja tangu karne ya 12. Misafara iliyovuka Sahara ilileta dhahabu, chumvi, na pia watumwa. Wajukuu wa watumwa hao, Wagnawa, wangali wakipiga matoazi yao ya chuma uwanjani. Mwaka 2019 muziki wao uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu.

Hata hivyo, roho ya uwanja huu ilikuwa mtambaji wa hadithi. Alisimama katikati ya duara la watu, akasimulia visa vya mashujaa na majini, na alipofika penye utamu zaidi akanyamaza, akakusanya sarafu, akawaambia waje kesho.

Katika miaka ya 1990 yalitokea mawazo ya kujenga majengo ya kisasa kando ya uwanja. Juan Goytisolo, mwandishi wa Hispania aliyeishi jirani na hapo hadi alipofariki mwaka 2017, alipaza sauti kuutetea. Hoja yake ilikuwa kwamba mali ya uwanja haimo katika mawe, bali katika vinywa vya watu. UNESCO iliikubali hoja hiyo, na mwaka 2001 Jemaa el-Fnaa ikawa miongoni mwa urithi wa kwanza wa aina hiyo kutangazwa duniani.

Uwanja umepata misiba. Tarehe 28 Aprili, 2011 bomu liliua watu 17 katika mkahawa unaoutazama. Tetemeko la Septemba 2023 lilipoutikisa mji, wakazi walitoka majumbani wakalala hapo hapo uwanjani. Kila mara ngoma zilirudi.

Lakini watambaji hawarudi kwa urahisi hivyo. Vipaza sauti huwafunika, na watalii hawaijui lugha yao. Vijana wachache wamejifunza kwa wazee, na baadhi yao hutamba kwa Kiingereza ili wapate wasikilizaji. Sisi twaona kwamba hapo ndipo penye mtihani. Nyama itachomwa daima, kwani njaa haiishi. Lakini hadithi isipopata sikio hufa pamoja na mwenyewe, na hiyo ndiyo fanaa ambayo hakuna fundi awezaye kuikarabati.