Matope Hayasahau

Juzi mwanafunzi mmoja wa hapa Ziwani aliniuliza: "Mwalimu, bahari yatuhusu nini sisi?" Swali hilo limeninyima usingizi.

Mto Nairobi huingia Mto Athi, ambao huko mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagika baharini kaskazini ya Malindi. Mvua ikinyesha, bahari ya huko hugeuka rangi ya udongo.

Baharini wamo mwani wadogo mno wasioonekana kwa macho, na baadhi yao wana sumu. Hali ikiwa mbaya, aina fulani hujifunga ndani ya ganda gumu na kulala matopeni mithili ya mbegu, pengine kwa miaka makumi. Hali ikitengenea huamka. Na wakikuta maji yaliyorutubishwa kwa mbolea na maji taka, huweza kufurika. Chaza humeza sumu yao bila kudhurika, lakini mlaji wa chaza huenda akafa, wala kupika hakuiondoi.

Walimu wenzangu, tuufundishe mto kuanzia mlangoni petu. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Nami nathubutu kuongeza: wala hayapotei.