Ushauri Nasaha Usiotoa Ushauri: Lugha ya Dhiki na Faraja Katika Turkana

Katika maandishi mengi ya kigeni yanayohusu kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hurudiwa dai moja: kwamba "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipojulikana wala kufikika. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Kiswahili anaweza kulikanusha dai hilo bila kufungua kamusi. Kiswahili kina popote, kokote na kusikojulikana, hakina kakuma. Mji huo ni wa Waturkana, na ulikuwa na jina lake kabla ya kambi kufunguliwa mwaka 1992. Kosa lenyewe ni dogo, na huenda lisingestahili kutajwa, lau lisingefichua jambo kubwa zaidi: mtu anaweza kuandika kwa huruma nyingi juu ya mateso ya wenziwe pasipo kuisikiliza lugha wanayoyasimulia. Makala haya yanaeleza huduma ambayo uhai wake wote umo katika kusikiliza, yaani ushauri nasaha wa bure kwa watu wenye dhiki ya moyo. Yanaangalia jinsi huduma hiyo inavyotolewa Kakuma na Lodwar, jinsi inavyoweza kufika pande za mbali kama Nakalale, na nafasi ya lugha katika kufaulu au kukwama kwake.

Dhiki yenyewe

Kaunti ya Turkana ilikuwa na wakazi 926,976 katika sensa ya mwaka 2019, na wengi wao hutegemea mifugo. Baina ya mwaka 2020 na mwaka 2023 ukame ulikausha malisho ya kaskazini mwa Kenya kwa misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosa kunyesha. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe, mbuzi na ngamia wake hajapoteza riziki pekee. Mifugo ndiyo mahari, ndiyo fidia, ndiyo sadaka. Na mwanamume wa Kiturkana huweza kuitwa kwa jina litokanalo na dume lake alipendalo. Dume huyo anapokufa, mwenyewe hubaki na jina lisilo na mwenziwe. Hapo ndipo mtu wa mjini husema kwamba mfugaji "amepata hasara", kana kwamba ni duka lililofungwa.

Kakuma kuna dhiki ya namna nyingine. Kambi hiyo ilianza kwa kuwapokea watoto na vijana waliokimbia vita vya Sudan, wakiwa wametembea kwa miguu kupitia Ethiopia. Baadaye walifika Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengineo. Makazi ya Kalobeyei yaliongezwa jirani yake katika miaka ya 2010 kwa nia ya kuwaweka wakimbizi na wenyeji katika mpango mmoja wa huduma. Wapo waliofika kambini wakiwa vijana ambao sasa wana wajukuu humo humo. Mkimbizi huyo hubeba mambo mawili kwa pamoja: yale aliyoyakimbia, na kule kungoja kusikokwisha.

Nani husikiliza

Katika kambi hiyo, huduma ya ushauri nasaha hutolewa bila malipo na mashirika ya kibinadamu. Shirika la Kijesuti la Huduma kwa Wakimbizi lilianza kazi Kakuma katika miaka ya 1990, na mchango wake unaostahili kuzingatiwa zaidi ni kuwafunza wakimbizi wenyewe wawe washauri wa jamii zao. Aidha, shirika hilo limekuwa na makao ya hifadhi kwa wanawake na watoto waliokabiliwa na hatari ndani ya kambi. Kwa wenyeji, wagonjwa waliozidiwa hupelekwa Lodwar, iliko hospitali ya rufaa ya kaunti.

Kumfunza jirani badala ya kumngoja daktari si jambo la kubahatisha. Madaktari wa akili nchini Kenya ni wachache, na wengi wao wako mijini. Utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka 2017 uliwahusisha wanawake 518, wengi wao wakiwa wamewahi kudhulumiwa. Baadhi yao walihudumiwa na wahudumu wa jamii wasio wataalamu, katika vikao vitano tu, kwa mpango uliotayarishwa na Shirika la Afya Duniani. Dhiki yao ilipungua kuliko ya wenzao waliopewa huduma ya kawaida ya zahanati. Kabla ya hapo, mwaka 2003, ulichapishwa utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda, ambako vikundi vya wanakijiji vilikutana kwa muda wa wiki 16 chini ya viongozi wa papo hapo waliopewa mafunzo mafupi. Watafiti wa Uganda walianza na jambo ambalo mwanaisimu atalipenda: kabla ya kutibu, waliwauliza wanakijiji wanaiitaje hali hiyo. Walipewa maneno mawili ya Kiganda, moja la kujichukia na jingine la kujihurumia, na hayo ndiyo yaliyoongoza kazi.

Kasoro ya jina

Kiswahili kinaiita huduma hii "ushauri nasaha". Istilahi hiyo ilienea sana nchini Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, vilipofunguliwa vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa virusi vya UKIMWI kwa hiari. Tanzania hutumia pia unasihi, na mtoaji wake huitwa mnasihi. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu na yote mawili yanahusu kumwelekeza mtu: ushauri ni rai itolewayo kwa mwenye kuihitaji, na nasaha ni maonyo mema ya mwenye nia safi. Kwa hiyo jina limerudia jambo moja mara mbili, na jambo lenyewe silo linalotendeka.

Mshauri aliyefunzwa vyema hukatazwa kutoa ushauri. Hamwambii mjane aolewe tena, wala hamwambii kijana arudi kwao. Humpa nafasi aseme, humrudishia maneno yake ili ayasikie mwenyewe, humuuliza kwa upole, hutunza siri, na hutambua ni lini mtu ahitaji hospitali. Mteja aliyeitwa kwenye "ushauri nasaha" hukaa akingoja rai. Asipoipata, ana haki ya kudhani kwamba amenyimwa, au kwamba ameketishwa na mtu asiyejua kitu. Mzee wa Kiturkana aliyezoea kumwendea emuron, mwaguzi wa jamii yake, hupewa agizo lililo wazi: dhabihu ya mnyama wa rangi fulani, mahali fulani. Mshauri anayeinamisha kichwa na kuuliza, "Na wewe unaonaje?" anaonekana mbele yake kuwa na upungufu mkubwa.

Hata hivyo Kiswahili hakikosi maneno yaliyo karibu zaidi na kazi hii. Kutoa dukuduku ni kuliondoa lililokaa moyoni likichokonoa. Kuliwaza ni kutuliza moyo wa aliyefikwa. Faraja ni nafuu baada ya dhiki. Kitenzi sikiliza chenyewe kinafaa kutazamwa: sikia humtokea mtu hata asipotaka, bali sikiliza ni tendo la kukusudia. Kisha lipo pole, neno fupi lisilotoa rai yoyote, ambalo kila mzungumzaji hulijua thamani yake msibani. Laiti walioziunda istilahi za vituo vile wangeanzia hapo.

Ushahidi kwamba kusikiliza pekee huweza kutosha ulipatikana London mwaka 1953. Kasisi Chad Varah alianzisha huduma ya simu kwa watu waliofikiria kujiua, akakusudia kuwashauri yeye mwenyewe. Watu wa kujitolea walikuwa wakiwapa chai na kuzungumza na waliokuwa wakisubiri zamu. Wengi wa waliosubiri waliondoka wakiwa wametulia bila kumwona kasisi. Kutokana na hilo lilizaliwa shirika la Samaritans, na mtindo huo umefika Kenya kupitia Befrienders Kenya, ambao husikiliza bila malipo.

"Nina mawazo"

Mtu wa Kakuma au Lodwar azungumzaye Kiswahili hasemi kwamba ana sonona, ingawa neno hilo limo katika kamusi. Husema, "Nina mawazo." Kisarufi, mawazo ni wingi wa wazo, na mtu mwenye mawazo angepaswa kuwa mtu mwenye fikra nyingi. Katika matumizi, mwenye mawazo ni yule ambaye fikra zimemshika na hazimwachi alale. Wazungumzaji wa Kishona wana neno la maana hiyo hiyo, kufungisisa, linalotokana na kitenzi funga ambacho kwao ni "fikiri", likiwa na kiambishi cha kuzidisha. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianzisha huduma katika mtaa wa Mbare, Harare, kwa kuwafunza wanawake wazee 14 kuketi bawani na majirani zao. Bibi hao hawakuzungumza kwa majina ya vitabuni. Walizungumza juu ya kufungisisa. Utafiti wa huduma hiyo uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha manufaa makubwa. Mshauri wa Kakuma ambaye hulifuta neno "mawazo" na kuandika istilahi ya kitaalamu kabla hajauliza ni mawazo gani, amejifungia mlango.

Ugumu huo huo huonekana katika madodoso. Lipo dodoso linalotumika duniani kote, lenye maswali 9 juu ya hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita. Huuliza, pamoja na mengine, juu ya usingizi na hamu ya chakula. Kulitafsiri kwa Kiswahili si kazi ngumu. Lakini mwaka 2025, ufadhili wa misaada ulipopunguzwa na mgawo wa chakula kambini ukakatwa, jibu la mtu kuhusu kula lilimaanisha nini? Aliyekosa hamu na aliyekosa unga wanaweza kutia alama katika kisanduku kimoja.

Mkalimani na nafsi ya kwanza

Kiswahili ni lugha ya wengi Kakuma, lakini kwa walio wengi ni lugha ya pili au ya tatu. Mkongo hukisema kwa namna yake. Mnuer na Msomali hujifunza hapo hapo. Kwa hiyo mazungumzo mengi ya siri hupitia kwa mtu wa tatu. Kanuni ya ukalimani ni kwamba mkalimani hutumia nafsi ya kwanza: mteja akisema "niliogopa", naye husema "niliogopa". Asiyefunzwa husema "anasema aliogopa". Tofauti ya ni- na a- yaonekana kuwa ndogo, lakini kiambishi hicho kimoja humwondoa mteja katika kikao na kumfanya mtu anayezungumziwa mbele yake. Wakati mwingine mkalimani hujificha kwa makusudi nyuma ya a-, kwa kuwa anayoyatamka yalimpata yeye pia. Naye ni mkimbizi, pengine wa ukoo au mtaa ule ule. Siri ya mteja imekaa kwa jirani, na uchungu wa mteja umemwamsha mkalimani wa kwake. Ni nadra kuulizwa ni nani amsikilizaye yeye.

Mwanamke aliyebakwa huleta ugumu mwingine. Mara nyingi hulitaja tendo kwa tafsida: "alinifanyia vibaya". Mkalimani akiitafsiri tafsida kwa neno la mahakamani, amesema zaidi ya alichoambiwa. Akiiacha ilivyo, mshauri mgeni huenda asielewe kabisa. Hapa hakuna kanuni inayotosha, ila mkalimani kumweleza mshauri kwamba tafsida imetumika na kumwachia mteja aamue atasema mangapi.

Neno lililokuwa kosa

Mpaka hivi karibuni kulikuwa na neno moja ambalo mteja alilihofu kuliko yote. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili. Magazeti yaliandika "jaribio la kujiua" kama yanavyoandika jaribio la kuiba. Aliyenusurika aliweza kutolewa wodini akapelekwa kortini. Kwa hiyo wengi walinyamaza. Mnamo Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kabla ya hapo, mwaka 2022, Sheria ya Afya ya Akili ilikuwa imefanyiwa marekebisho. Hukumu ya Nairobi haisafiri upesi. Mshauri wa Turkana bado ana kazi ya kumwambia mteja, kwa lugha anayoielewa, kwamba kulitamka neno hilo ni kuomba msaada wala si kukiri kosa.

Nakalale ni mojawapo ya wadi za Turkana Kaskazini, nchi ya wafugaji wahamao. Huko hakuna mashirika yaliyojazana kama kambini. Aliyepo ni mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa takriban 100,000 waliozinduliwa kote nchini mwezi wa Septemba 2023, ambaye kazi yake ni kuzungukia maboma akiuliza habari za chanjo, ujauzito na homa. Akikuta mtu aliyenyamaza tangu mifugo ife, hana chumba wala dawati. Ana kivuli cha mti na muda wa alasiri. Mafunzo yake yalikuwa kwa Kiingereza na Kiswahili. Kutoka hapo hadi kwenye swali la kwanza atakalouliza kwa Kiturkana, mkalimani ni yeye mwenyewe.