Shakwe wa Ziwa Edward wanatoka wapi, na wanakula nini?

Hapa Mulekera hatuna bahari. Kutoka Beni hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000, na wengi wetu hatujawahi kuonja maji ya chumvi. Lakini kila mwaka, wakati baridi inapoanza Ulaya, ndege wa pwani za mbali wanakuja kwenye maziwa yetu. Ukishuka Kyavinyonge, ama ukifika Ishango pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, unaweza kumuona kati ya mwari na mnandi ndege mmoja mwenye mgongo mweusi, tumbo jeupe na miguu ya njano. Ni shakwe. Wenzake wanaonekana pia upande wa Uganda, kwenye mfereji wa Kazinga, na wengi zaidi kwenye Ziwa Victoria.

Ndege hawa wanahusu chakula chetu. Samaki wa Kyavinyonge na Vitshumbi ndio wanaouzwa na mama zetu katika masoko ya Beni na Butembo. Tangu vita vitufungie njia ya mashamba, familia nyingi zinategemea samaki huyo kuliko zamani. Kila samaki anapopungua tunasikia maneno yaleyale: ndege ndio wanamaliza samaki, kiboko ndiye anapasua nyavu, afadhali wote wafe. Je, ni kweli? Mtu hawezi kujibu kwa kukisia. Inafaa kujua kwanza mnyama anaenda wapi na anakula nini, na kuna watu waliojifunza kazi hiyo. Tunataka kueleza jinsi wanavyoifanya.

Kumfuata ndege asiyefuatika

Njia ya zamani ni pete. Mtafiti anamkamata ndege, anamvalisha mguuni pete nyepesi ya chuma yenye namba na jina la taasisi, kisha anamwachilia. Pete za Finland zina jina la makumbusho ya wanyama ya Helsinki. Mvuvi akiikuta pete hiyo kwenye wavu wake na kutuma namba, mtafiti anajua sehemu mbili: pale ndege alipoanzia na pale alipoonekana. Katikati ya hizo mbili hajui kitu.

Ndiyo maana vikaja vifaa vidogo vya kubebwa mgongoni. Kifaa kinapokea mawimbi ya setilaiti kama simu zetu zinavyofanya, kinaandika mahali ndege alipo, kisha kinatuma habari. Kuna sheria ya uzito: watafiti wengi wanakubaliana kwamba mzigo usizidi asilimia 3 ya uzito wa ndege. Shakwe wa gramu 700 habebeshwi zaidi ya gramu 21. Ukimpa zaidi ya hapo, utamchosha, na kile unachojifunza kitakuwa habari za ndege mgonjwa.

Kwa njia hiyo shakwe wa Finland na wa visiwa vya Solovki huko Urusi walifuatwa mpaka Afrika Mashariki. Wanapita Bahari Nyeusi, wanavuka Mashariki ya Kati, wanafuata upande wa mto Nile na kufika Ziwa Victoria. Kutoka Finland hadi kwetu ni karibu kilomita 7,000. Matokeo ya utafiti huo yalitangazwa mwaka 2015, na yalikuwa na jambo la kushangaza. Watafiti walichukua baadhi ya ndege na kuwapeleka mbali na njia yao, wengine Ujerumani, wengine Kazan. Wengi walijirekebisha na kurudi kwenye njia ya kwao. Lakini wale ambao mshipa wao wa kunusa ulikatwa hawakuweza. Kumbe shakwe anatumia pua ili kujua yuko wapi. Nabii Yeremia alitaja korongo anayejua majira yake. Leo tunaanza kuelewa kidogo jinsi ndege anavyojua na njia yake.

Jinsi njia inavyoonyesha chakula

Kujua mahali ndege alipo hakutoshi. Je, alikuwa anakula, analala ama anapita tu? Hapa fikiri juu ya mama anayetafuta uyoga msituni. Akiwa bado hajaona kitu, anatembea moja kwa moja. Akiona uyoga wa kwanza, anapunguza mwendo, anainama, anageuka kushoto na kulia, anazunguka palepale, kwa maana anajua penye mmoja huenda pana mingine. Wanyama wa maji wanafanya vilevile. Kwenye ramani, mstari ulionyooka ni safari. Mahali mstari unapojikunja na kujizungusha, mara nyingi ni mahali pa chakula.

Kuna pia kifaa kinachopima mtikisiko wa mwili. Kupiga mabawa kunaandika alama moja, kupiga mbizi alama nyingine, kupumzika alama ya tatu. Kwa wanyama wanaozama wanaongeza kipimo cha kina. Mwanzo wa kifaa hicho ulikuwa mdogo: miaka ya 1960, Mmarekani Gerald Kooyman alichukua saa ya jikoni, ile ya kuhesabu dakika za kupika, akaitengeneza ili iandike kina kwenye kioo chenye masizi, akamfungia sili wa Antaktika. Leo tunajua kwamba penguini mkubwa wa kule anaweza kuzama zaidi ya mita 500.

Mwisho kuna kazi ya mikono. Mtafiti anakusanya chini ya viota mifupa na magamba ambayo ndege wameyatapika, anahesabu samaki mmoja mmoja na kupima ukubwa wao. Hapo ndipo neno "ndege wanamaliza samaki" linaweza kupimwa kwa haki: ni samaki wa aina gani, wa ukubwa gani, na je, ndiye yule anayetafutwa na mvuvi?

Mshitakiwa akiwa shahidi

Wakati mwingine ndege anayeshitakiwa anageuka kuwa shahidi. Kusini mwa Bahari ya Hindi, watafiti wa Ufaransa waliwafungia albatrosi 169 vifaa vinavyotambua rada za meli. Ndege hao wanapenda kufuata meli za uvuvi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba zaidi ya robo ya meli walizokutana nazo zilikuwa zimezima chombo cha kutangaza mahali zilipo. Meli inayojificha hivyo inatia shaka kwamba inavua kinyume cha sheria. Binadamu walijificha kwa binadamu wenzao, wakaonekana na ndege.

Kwetu, shahidi mkubwa ni kiboko. Yeye si mnyama wa bahari, lakini swali ni lilelile: anaenda wapi, anakula nini? Usiku anapanda kula majani, mpaka kilo 40 hivi; mchana anarudi majini na kuacha humo mavi yake. Katika mto Mara, kati ya Kenya na Tanzania, watafiti walikadiria kwamba viboko 4,000 wanaingiza mtoni kilo 36,000 za mavi kila siku. Mbolea hiyo inalisha viumbe vidogo, navyo vinalisha samaki. Tuseme ukweli wote: mto ukipungua maji sana, mavi hayohayo yakizidi yanaweza kuua samaki kwa kukosesha maji hewa. Lakini Ziwa Edward lina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 2,000. Miaka ya 1970 Parke ya Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000. Mwaka 2005 walihesabiwa chini ya 1,000, baada ya miaka ya vita na bunduki. Kama kiboko ndiye adui wa samaki, samaki wangejaa ziwani wakati huo. Wavuvi wazee wanajua kama walijaa.

Na nyavu zenye matundu madogo, zinazotegwa pale samaki anapotaga, hazikuletwa na shakwe wala na mnandi.

Ukikuta ndege mwenye kifaa

Sasa tunafika kwenye neno lililotufanya tuandike. Mwaka 2013, huko Misri, mvuvi alimkamata korongo aliyekuwa na kifaa mgongoni. Alikuwa amevalishwa kifaa hicho Hungaria. Mvuvi alidhani ni mpelelezi, akampeleka polisi, na ndege akafungiwa. Wataalamu walipoeleza aliachiliwa, lakini baadaye habari zikasema ameuawa na kuliwa.

Wengine watacheka. Sisi wa Beni hatuwezi kucheka sana. Tumezika watu wengi mno. Hapa mtu asiyejulikana, simu isiyojulikana, taa ya usiku, vyote vinatia hofu, na hofu ikishika umati inaweza kumuua asiye na kosa. Ndege mwenye waya mgongoni akianguka leo kwenye mtaa wetu, ni nani atasema kwanza: ni adui, ama ni uchawi? Na kijana atakayekutwa ameshika kifaa hicho, atapewa nafasi ya kueleza?

Kwa hiyo tunaomba viongozi wa parokia, walimu wa shule na mabaraza ya vijana waeleze jambo hili mapema, kabla halijatokea. Ukikuta ndege hai mwenye pete, usimwue. Soma namba na maandishi yote, andika siku na mahali, kisha umwachilie. Ukimkuta amekufa, hifadhi pete. Kama kuna kifaa, usikifungue na usitembee nacho peke yako: mwite chef wa mtaa ama mzee wa kanisa awe shahidi, kisha kipelekwe kwa walinzi wa parke, ambao wanaweza kuwasiliana na wenye namba ile. Piga picha kama una simu.

Hatua hizo ni ndogo, lakini zinaweza kulinda ndege, na zaidi zinaweza kulinda mtu. Pale Ishango watu walivua samaki kwa vyusa vya mfupa miaka karibu 20,000 iliyopita, na bado tunavua. Shakwe anavuka nchi nyingi na kufika kwetu bila karatasi ya ruhusa. Sisi wenyewe, wengi, hatuwezi kufika hata shamba letu la jana. Tukimwona ziwani, tumwangalie vizuri anapogeuka na kuzunguka juu ya maji: pale pana samaki, na samaki huyo anatosha kuulizwa kwa makini kabla ya kumtafutia wa kumlaumu.