Sultani akigawa udongo, nani anahama?

Wengi wetu tunasema teatre ni ya kuchekesha tu. Kumbe wazee wa teatre walijua zamani kama bukubwa na udongo vinatembea pamoja.

Angalieni King Lear, Shakespeare aliyoiandika karibu mwaka wa 1606. Mufalme muzee anatandika ramani ya inchi na kuigawa kwa binti zake. Mwenye kumusifu sana anapata fungu kubwa. Watu wanaoishi pale juu ya ramani, hakuna anayewauliza. Mpaka siku yeye mwenyewe anafukuzwa inje mu mvua, ndipo anakumbuka maskini wasio na nyumba.

Ule mwingine, Richard II, anakodisha inchi, tena ananyanganya mali ya baba yake mudogo aliyekufa, juu ya kulipa vita. Mwisho taji linamutoka.

Hapa kwetu ramani ilitandikwa pia. Kule Bunkeya, Msiri alikataa bendera ya Léopold II. Tarehe 20 desemba 1891, kapiteni Bodson akamupiga risasi. Mwaka wa 1900 ikaundwa CSK juu ya kutawala udongo na madini ya Katanga. Mwaka wa 1966, sheria Bakajika ikavirudisha mu mikono ya Serikali yetu. Mwenye ramani alibadilika. Lakini mulimaji, mpaka leo, anasikia habari ya shamba lake siku katapila inafika.

Mwaka wa 1986, kikundi cha Mufwankolo kilicheza hapa, mu Kiswahili chetu, ile mezali inayosema kama bukubwa unakuliwa muzima. Sisi watu wa sendika hatubishane na wazee. Bukubwa, sultani aule muzima. Udongo, hapana: ule tunaukalia wote.

Na sheria iko. Kode ya mugodi ya mwaka wa 2018 inasema: mu kila franga 100 ya redevance, 15 ni ya chefferie, secteur ao commune kwenye mugodi uko. Haiseme mufuko ya sultani. Basi tunaomba mambo mawili: ile hesabu isomwe mbele ya watu, na walimaji pamoja na creuseurs wakae kwa meza mbele ya sahihi, hapana nyuma.

Lear alifahamu kisha mvua kumupiga. Masultani wetu wasingojee mvua.